Mgongo wa Bahasha

Saa kumi alfajiri kahawa ilikuwa inadondoka ndani ya birika langu la bati. Tk. Kimya. Tk. Birika hilo lilikuwa la mama yangu, na maji yake humiminwa kijiko kimoja kimoja. Ukilifanyia haraka linakupa maji machafu badala ya kahawa. Nilikaa kando yake na shati jeupe mapajani. Nilikuwa nimelipiga pasi tangu jana, lakini mikono ilitaka kazi, basi nikawa nanyoosha kola kwa kidole.

Shati lilikuwa la mjukuu wangu, Lucien. Siku hiyo, mjini New Orleans, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani ya Shirikisho walikuwa wanasikiliza rufaa yake, na mimi nilikuwa nakwenda kumwona akisimama mbele yao.

Lucien nimemlea mimi tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki. Alipofika kumi na tisa alifungwa kwa wizi wa kutumia bunduki katika kituo cha petroli hapa kwetu Pointe Aurore. Walimpa miaka arobaini. Alisema si yeye. Nilimwamini, lakini imani ya bibi si ushahidi, nami sikuwa na kingine.

Ikapita miaka kumi na miwili. Ofisi ya mwendesha mashtaka ikahamia jengo jipya, na katika kuhamisha makabati ikaonekana karatasi moja. Ilikuwa maelezo ya mama aliyekuwa akifagia kituo kile. Aliwaambia polisi, wiki ileile ya wizi, kwamba alimwona mwizi akivua kitambaa usoni kwenye mlango wa nyuma, na kwamba alikuwa mzee mwenye mvi. Lucien alikuwa na miaka kumi na tisa. Karatasi hiyo haikuonyeshwa kwa wakili wake wala kwa baraza lililomhukumu. Karani mmoja, ambaye hakutaka jina lake litajwe, alitoa nakala akamtumia Lucien gerezani. Mungu amweke popote alipo.

Karatasi ya namna hiyo ikipatikana, sheria inampa mfungwa mwaka mmoja kuipeleka kwa jaji wa shirikisho na kuomba aulizwe mkuu wa gereza: huyu mtu unamshikilia kwa haki gani? Siku ambazo korti za jimbo zinalijadili jambo lake hazihesabiwi. Zilipomkatalia, Lucien alibakiwa na wiki tatu. Aliandika ombi lake kwa mkono, kurasa thelathini na moja, kwa ile kalamu laini wanayopewa ambayo haiwezi kumchoma mtu. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe kumi na sita Machi. Ombi likagongwa muhuri kortini tarehe ishirini na tano.

Jaji wa kwanza alisema amechelewa. Hakuisoma ile karatasi ya mama mfagiaji. Mlango ulifungwa kabla mtu hajachungulia ndani.

Sasa, mfungwa hawezi kutembea hadi posta. Kwa hiyo sheria inasema siku aliyomkabidhi askari bahasha ndiyo siku aliyoifikisha kortini. Lucien aliandika chini ya jina lake kwamba aliikabidhi tarehe kumi na nne. Ila kuna sentensi moja ya kiapo ambayo lazima iandikwe pale, kwamba nasema kweli na nikisema uongo niadhibiwe. Aliisahau. Kurasa thelathini na moja, akasahau sentensi moja. Na daftari la chumba cha barua la mwezi ule, gereza lilisema limelowa maji halisomeki.

Honi ikalia nje. Jirani yangu Alcide Papillion, aliyeendesha malori ya miwa miaka arobaini, alikuwa amejitolea kunipeleka.

"Bi Verlie!" aliita kupitia dirishani. "Umevaa hivyo unakwenda kortini au unakwenda kuolewa?"

"Nikienda kuolewa wewe hutaalikwa, Alcide. Unakula sana."

"Ndiyo maana nimebeba chakula changu." Akaonyesha mfuko wa soseji za wali kwenye kiti, bado zinatoa mvuke. "Na hilo shati? Unahama?"

"La Lucien. Leo wanamleta."

Alcide aliacha kutafuna. "Nani kasema wanamleta?"

"Jina la ombi lenyewe ni la Kilatini. Nilimwuliza padri. Akaniambia maana yake mwili uletwe. Sasa mwili wake si ndio yeye?"

Aliniangalia kidogo, akawasha gari. "Kama padri kasema," alisema, akalitundika shati mwenyewe kwenye ndoano ya nyuma, taratibu, na mikono yake imejaa mafuta ya soseji, akilishika kwa vidole viwili tu kwenye kiango.

Tulivuka lile daraja refu la kinamasi kukiwa bado giza. Alcide hakuimba njia nzima, na Alcide huimba hata msibani.

Wakili alitusubiri kwenye ngazi. Theodora Quillen ni mama wa miaka hamsini hivi, viatu bapa, begi limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Korti ndiyo iliyomteua, na hakuna siku aliyoacha kunijibu simu. Alipoliona shati, uso wake ukabadilika.

"Bi Auzenne," alisema, akanishika kiwiko. "Lucien haji leo. Kwenye rufaa mfungwa haletwi. Yanakuja maneno yake tu, karatasi tu. Nilidhani unajua. Kosa ni langu, nilipaswa kukwambia."

Nilikuwa nimekwisha kumwona kichwani mwangu, amesimama ndani ya shati lile, kola imenyooka.

"Padri huyo," Alcide alinong'ona, "akirudi kuomba kuku wa tamasha la kanisa nitampa mabawa."

Nikacheka, na kucheka kule ndiko kulikonivusha mlango.

Pale kwenye mashine ya ukaguzi palikuwa na askari mkubwa kama kabati. Aliuliza kama shati lina pini. Nikamwambia lina moja, kwapani, kifungo kilikatika. Aliitoa pini, akaniwekea kwenye bahasha ndogo, akaandika jina langu juu yake. Halafu akasema, "Mama, huku ndani hawaruhusu nguo mkononi. Nitalitundika hapa nyuma yangu. Hakuna atakayeligusa." Akaondoa koti lake mwenyewe kwenye ndoano, akaliweka kitini, akalitundika shati la Lucien mahali pake.

Chumba cha mahakama sijui nikielezeje. Nimeingia makanisa makubwa. Nimeingia hospitali, usiku mama yake Lucien anakata roho. Pale palikuwa na ukimya wa namna zote mbili. Dari lilikuwa juu mno, na mbao za kuta zilikuwa zimepigwa msasa na watu waliokwisha kufa zamani, nikafikiri, kila mmoja wao alikuwa na mikono. Mtu mmoja akapaza sauti tusimame, na majaji watatu wakaingia kutoka nyuma ya pazia, mwanamke katikati na wanaume wawili kando. Tulisimama sote, mawakili wenye saa za dhahabu, na Alcide na soseji zake mfukoni, na mimi. Magoti yangu yakasahau kuuma.

Karani akasoma: "Lucien Auzenne, dhidi ya mkuu wa gereza."

Jina lake lilitangulia. Miaka kumi na mitano mkuu wa gereza ndiye anayetangulia kwa kila kitu, kula, kulala, kuzima taa. Hapa mjukuu wangu alikuwa ameuliza swali, na jimbo zima la Louisiana limevaa tai limekuja kujibu. Na swali lenyewe aliliandika kitandani, kwa kalamu laini.

Theodora alisimama. Juu ya meza ya kusemea palikuwa na taa tatu, na ya kijani ikawaka. Alikuwa na dakika ishirini. Hakufika hata dakika mbili, jaji wa kushoto, mwenye miwani minene, akamkata.

"Wakili, mteja wako hakuapa. Tukikubali tarehe isiyo na kiapo, kesho kila mfungwa ataandika tarehe anayoitaka. Tutamkatalia vipi?"

"Mheshimiwa, sikuombi uiamini tarehe aliyoiandika yeye," Theodora alisema. "Naomba mtazame mgongo wa bahasha."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mgongo wa bahasha nilihusika nao.

Theodora alipoteuliwa alinitumia nakala ya faili lote. Mimi nasoma polepole, kwa kufuatisha kidole, na sijui kuruka. Wengine, nadhani, walifika kwenye sahihi wakaona wamemaliza. Mimi nilifika ukurasa wa mwisho kabisa, na pale makarani walikuwa wamepiga picha ya bahasha iliyoleta ombi, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya. Upande wa mbele tu. Nikaugeuza ukurasa. Mweupe.

Nikampigia simu. "Bi Theodora, nyuma yake iko wapi?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya bahasha. Gereza lile hugonga muhuri wao nyuma, pale inapofungwa. Wa zambarau. Na tarehe."

"Una hakika?" aliuliza.

Nilikuwa nimekaa na kopo la biskuti mapajani. Ndani yake mna barua zote za Lucien, mia sita na zaidi, na kila moja ina ule muhuri mgongoni, na kando yake herufi mbili kwa mkono: R.D. Huyo R.D. ndiye wa chumba cha barua. Sijui ni mwanamume au mwanamke. Lakini mwaka fulani mashine ilirarua barua ya Lucien ya siku yangu ya kuzaliwa, na R.D. aliunganisha vipande vyote kwa gundi ya karatasi, kimoja kimoja, mistari ikakutana. Angeweza kuitupa. Nani angejua?

Theodora alipiga simu kwenye korti ya kwanza. Karani mzee aliyepokea alimwambia, "Miaka ishirini na saba nimekaa hapa, hakuna aliyewahi kuniulizia mgongo wa bahasha." Akashuka ghorofa ya chini mwenyewe saa ya chakula chake, akafungua maboksi. Akaipata. Majaji wakakubali iingizwe kwenye faili.

Sasa jaji mama wa katikati alikuwa ameinua mfuko wa plastiki angavu, na ndani yake ile bahasha. Nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nene, imefungwa kwa utepe pembeni, na mwandiko wa Lucien ule wa kulala upande wa kulia, niliomfundisha mimi kwenye meza ya jikoni kwa penseli na mkate wenye jamu ya tini akimaliza mstari. Mwanamke mwenye joho jeusi, ambaye anaweza kuzuia au kufungua mambo ya mamilioni ya watu, alikuwa anausoma mwandiko ule kwa kuusogeza karibu na macho. Kisha akaigeuza bahasha.

Nilisikia saa ya mtu mkononi.

Wakili wa jimbo aliposimama, kijana mpole kwa kweli, mwenye sauti nzuri, jaji mama hakumwacha amalize salamu.

"Wakili, muhuri huu wa zambarau ni wa nani?"

"Unaonekana kuwa wa gereza, Mheshimiwa."

"Unaonekana, au ni?"

"Ni wa gereza."

"Na tarehe yake?"

"Kumi na nne Machi."

"Siku ya mwisho ya mfungwa ilikuwa lini?"

"Kumi na sita, Mheshimiwa. Lakini daftari la chumba cha barua, kwa bahati mbaya, lililowa..."

"Daftari lililowa. Bahasha hii, je, imelowa?"

Watu wachache wakacheka. Alcide alicheka zaidi ya wachache, na askari akamtazama.

"Haijalowa, Mheshimiwa."

Yule jaji wa miwani minene, aliyekuwa mkali, aliomba mfuko apewe. Akautazama muda mrefu. Taa ya wakili ikageuka njano na yeye bado anatazama. Nikasema moyoni, huyu hatupendi. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, "Kwa hiyo mfungwa alisahau kuapa, na askari wake akaapa kwa niaba yake bila kujua."

Akaurudisha mfuko kwa jaji mama. Nadhani hakutaka jibu.

Taa nyekundu ilipowaka tulisimama tena. Majaji wakarudi nyuma ya pazia, na yote yakawa yamekwisha ndani ya dakika arobaini. Sikuweza kuondoka mara moja. Nilikaa na kutazama ile meza ya kusemea. Hakuna mtu kati ya wale aliyewahi kumwona Lucien. Hawajui kwamba anachechemea kidogo baridi ikizidi, au kwamba anaogopa nyuki. Hata hivyo walikuwa wameketi juu ya kazi ya mkono wake kama watu wanaosoma maandiko, na kama si mtu mmoja gerezani aliyegonga muhuri vizuri, na mzee mmoja aliyeacha chakula chake kikapoa, wasingekuwa na kitu cha kusoma. Jambo kubwa vile lilikuwa limening'inia kwenye uzi mwembamba vile, na uzi haukukatika.

Pale mlangoni yule askari mkubwa alinikabidhi shati na bahasha ya pini. "Imekwendaje, mama?"

"Sijui. Wameisoma."

"Wengi hawasomwi," alisema.

Tulisubiri wiki kumi na moja. Siku hiyo nilikuwa nachambua maharage, Theodora akapiga simu. Alikuwa anataka kuzungumza kama wakili lakini sauti ilimkatalia. Majaji wote watatu walikuwa wamekubaliana. Uamuzi wa kwanza umetenguliwa. Ombi lilifika kwa wakati. Linarudi chini, na sasa jaji lazima aisome karatasi ya mama mfagiaji na kusikiliza.

"Si kuachiwa huru, Bi Auzenne," alisema. "Nataka uelewe. Inaweza kuchukua mwaka, na tunaweza kushindwa."

"Naelewa. Mlango umefunguliwa."

"Mlango umefunguliwa," alisema, na hapo tukalia wote wawili, kila mmoja kwenye simu yake.

Jumapili Alcide alinipeleka gerezani. Ni saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Nimekuwa nikienda mara moja kwa mwezi, na tangu magoti yaanze, mara moja kwa miezi miwili. Na kila mara, miaka kumi na mitano, Lucien hunifukuza kwa namna ileile. Dakika tano kabla ya muda kwisha huniambia, "Bibi, usije tena. Njia ndefu. Niandikie tu." Nami humwambia sawa, na mwezi ukifika narudi. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza. Nilidhani ananihurumia.

Alikuja akiwa amebeba uamuzi, kurasa kumi na nane, umekunjwa mara nne. Mvi mbili zimemwota kwenye ndevu. Nikamnunulia soda na karanga kwenye mashine, tukakaa.

"Walilitaja jina langu?" aliuliza.

"Mara kumi na saba. Nilihesabu kwa vidole, nikaazima vya Alcide."

Akacheka. Kisha akataka nimweleze yote. Taa, pazia, joho. Nilipofika pale jaji alipoigeuza bahasha aliniomba nirudie, nikarudia, nikamwonyesha kwa kitambaa cha mezani cha karatasi, hivi, alivyoishika, alivyoigeuza. Askari wa chumba kile naye akawa amesogea anasikiliza, akijifanya anakagua kiti.

"Aliusoma mwandiko wangu," Lucien alisema.

"Aliusogeza machoni hivi."

"Na shati? Alcide aliniandikia kuhusu shati."

"Alcide ana mdomo. Lipo kabatini. Nimeshona kifungo."

Akawa anapitisha kidole kwenye mkunjo wa zile karatasi. Zamani, akiwa mdogo, akitaka kuniomba kitu kikubwa alikuwa anafanya vilevile kwenye ukingo wa meza. Askari akatangaza dakika tano. Nikafunga mkoba wangu, nikangoja maneno niliyoyazoea.

"Bibi," alisema. "Nilikuwa nakwambia usije kwa sababu ukitoka hapo mlangoni nilikuwa sijui nikungojee kwa tumaini lipi. Miaka arobaini. Nilikuwa nasema, bora niwe nimemwambia asije, akiacha kuja nisishangae."

"Najua," nilisema, ingawa sikuwa nimejua mpaka alipolisema.

Akanishika mkono juu ya meza, mkono mzito, wa mtu mzima.

"Jumapili ijayo ni wageni pia," alisema. "Magoti yako yakikubali. Njoo tena, Bibi. Tafadhali, njoo."